Mchomo wa tano: kona ya kulia imekubali

Imekubali! Nimebomoa mlango wa tanuri leo asubuhi mikono ikitetemeka, na chombo cha kwanza nilichoshika ni mtungi wa kona ya nyuma kulia, iliyonitesa tangu Januari. Umevaa ngozi ya chungwa, yaani glezi (utando unaong'aa kama kioo) ya chumvi yenye vidoti kama ganda la chungwa, kuanzia mdomo hadi kitako.

Mchomo wa tatu ulitoka vizuri nami sikujua kwa nini. Wa nne, udongo uleule, kuni zilezile za mkaratusi, kilo 4 zilezile za chumvi ya mawe, iliyotupwa tanurini kwenye nyuzi 1,260 ili mvuke wake uvipake vyombo glezi: kushoto glezi ilitiririka hadi vikombe vikagandamana na rafu, kulia vikatoka vikavu kama tofali. Vikombe 18. Iliniuma sana.

Nilihangaika na mpangilio wa rafu, nikailowesha chumvi, nikaikausha. Kumbe ni saa. Mchomo wa tatu nilitia chumvi usiku. Wa nne, saa tisa alasiri, upepo wa ziwa ukivuma kwa nguvu hapa Kisumu, dohani ikafyonza mvuke kabla sodiamu haijapata nafasi ya kuungana na silika ya udongo. Safari hii nilianza saa tatu usiku. Kila nilipotupa kifurushi cha chumvi nilisogeza kibao cha kuzibia dohani hadi karibu kifunge, nikakiacha dakika 10, ndipo nikaufungulia moto upumue.

Pete za majaribio nilichomoa nne tanurini wakati wa kuchoma. Wenzangu wananisihi ninunue kipimajoto cha umeme. Nilikuwa nacho, mvuke wa chumvi ukazila nyaya zake kwa michomo miwili. Pete ya udongo kwenye ncha ya nondo inakuonyesha unene wa glezi pale pale. Rangi yake tu usiiamini, maana imepoa ghafla.

Ila nilipunguza chumvi pia, hadi kilo 3, kwa sababu matofali ya ndani yameshashiba na joto likipanda yanaitema. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni upepo peke yake.

Mchomo wa sita ulikuwa uwe wa kuvitenganisha hivyo viwili, upepo na kiasi cha chumvi: kilo 3, alasiri. Lakini jana sokoni Kibuye nilimkuta mama mmoja akipima magadi ya kupikia mboga. Sodiamu ileile, bila moshi wa asidi! Haisambai tanurini kama chumvi, lazima iyeyushwe kwa maji moto na kunyunyizwa. Nimenunua kilo 2, na pampu ya kunyunyizia dawa ng'ombe nimeshaiosha mara tatu.