Elfi mweusi wangu wa pili hakufa saa sita mchana

Mama aliponisikia nikisema kwenye simu kwamba nahitaji "elfi mweusi" kabla ya Jumapili, aliuliza ni elfu ngapi na nani ananidai. Ndivyo ilivyo kucheza Dungeons & Dragons hapa Goma, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika aliyembuni: hata jina la kabila lako linasikika kama deni. Elfi weusi ni watu wa kubuni wanaoishi chini ya ardhi.

Tunacheza mtaa wa Himbi baada ya misa, watu sita, kwa sheria za toleo la 2014. Kitabu ni fotokopi iliyotoka Kampala. Kurasa zangu zilinila kama franga elfu sita, labda nane. Dadu ya pande 20, inayoamua kama pigo limefanikiwa, hatuna, kwa hiyo tunachomoa vikaratasi 20 vyenye namba kwenye kopo la maziwa; namba kubwa ndiyo njema.

Elfi wa kwanza aliharibiwa na yaya mmoja (kwetu yaya ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto) anayejua kila kitu. "Andika maisha yake yote," aliniambia, "kurasa kumi, awe na siri na huzuni." Nikaandika kumi na moja, nusu nzima ya kaye, yaani daftari. Alikuwa mtoro mwema aliyewakimbia ndugu zake waovu, panga mbili kiunoni, na jina lenye alama tatu za kukata katikati ambalo hata mimi nililitamka kama mtu anayepiga chafya. Msimamizi wetu wa mchezo alizisoma huku akila sambaza, dagaa wa ziwani, mafuta yakafika hadi ukurasa wa tisa. Kisha akauliza, "Huyu si Drizzt?" Alikuwa Drizzt. Yule ni elfi mweusi wa riwaya, yuko duniani tangu 1988, na mezani petu tayari tulikuwa na wawili wa namna hiyo.

Ndani ya mchezo tukatoka kwenye uwanda mpana, saa sita mchana. Elfi weusi wa toleo lile wanaona gizani hadi futi 120, lakini jua likiwapiga, kila shambulio unachomoa mara mbili na kubaki na namba ndogo. Nilichomoa 17 na 2. Halafu 14 na 3. Mazimwi mawili madogo, ya kuchekesha tu, yakammaliza. Kurasa kumi na moja, na hakuna hata mstari mmoja uliomkinga na jua! (Toleo la 2024 limeondoa udhaifu huo. Wenye pesa ya kulinunua, hongera.)

Wa pili alitoka kwenye shimo lililo nyuma ya nyumba ya shangazi. Mgeni akiliona anadhani ni mahali pa kutupa takataka. Sisi tulikatazwa kushuka humo tangu tunatambaa, hasa alfajiri pasipo na upepo, kwa sababu ya mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia mabondeni, na huioni. Mbuzi anaanguka, na mtu mzima aliyesimama kando yake bado anajiuliza kimemtokea nini.

Nikawaza: watu wanaoishi chini ya ardhi miaka yote, mazuku yao iko wapi? Hapo hata sikuhitaji kubuni sana. Wakubwa wao ni wanawake, makuhani wa Lolth, mungu wa buibui. Basi hao wanakaa juu, kwenye kingo za mapango. Wenye madeni wanakaa chini. Venira, elfi wangu wa pili, ni mpima hewa. Anashuka kwanza na kibatari, si cha kumulikia, maana macho yake hayahitaji taa, bali cha kuona kama moto utazima. Mianga ya uchawi anayozaliwa nayo kila elfi mweusi haimfai kwa kazi hiyo, haizimwi na hewa mbaya. Anaposhuka anaimba, ili walio juu wajue bado anapumua. Akinyamaza wanamtukana mpaka ajibu.

Mtindo wa jina nililitoa kwa Wanande, kabila la hapa Kivu Kaskazini, ambao humwita mtoto kwa nafasi yake ya kuzaliwa; kwa wavulana, Paluku wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Kwa elfi wangu "Ven" ni binti wa tatu. Ukilisikia tu unajua hatarithi kitu.

Kuhusu ngozi, hadithi za zamani za mchezo huu zinasema elfi hao walilaaniwa na weusi wao ndio alama ya laana. Tulikuwa sita mezani. Tukatazamana. Msimamizi akasema kwetu laana hiyo haipo, tukaendelea.

Sasa jua. Soma vizuri: linaharibu shambulio unalochomoa wewe. Halisemi kitu kuhusu uchawi ambao adui ndiye anachomoa ili ajiokoe. Kwenye sheria, kazi ya Venira ni mwimbaji (bard). Haiba yake, ndiyo nguvu ya uchawi wake, niliipa 15, kabila likaongeza 1. Na waimbaji wana uchawi mmoja wa tangu ngazi ya kwanza ambao ni kumtukana mtu. Sharti akusikie, si lazima aelewe. Mtu aliyekua akijibu matusi kutoka shimoni!

Jumapili iliyofuata msimamizi alituwekea jitu, mchana kweupe, huku ananitazama na kutabasamu. Akanisogezea kopo. Nikalirudisha kwake: "Chomoa wewe, mzee." Nikasimama, nikamwambia jitu: "Mwili wote huo, na unapitwa na chukudu yenye makaa ikipanda mlima!" (Chukudu ni skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo.) Kinga dhidi ya tusi hilo ni busara, na majitu yana busara 7 tu. Msimamizi akachomoa 4.

Jitu likapoteza uhai 3 kati ya 59. Ndiyo, 3, mnaweza kucheka. Lakini kwa uchawi huo pigo lake lililofuata ndilo lililochomolewa mara mbili, namba ndogo ikashikwa, na rungu likapiga mchanga pale alipolala mganga wetu. Wenye panga wakafanya kazi iliyobaki.

Yaya aliniomba historia ya Venira aisome. Nikampa nusu ukurasa. Akaugeuza upande wa pili, kutafuta iliyobaki.