Vizibo sitini juu ya mkeka: nilivyoielewa ripoti ya watoto wetu

Mwaka jana nililetewa bahasha yenye ripoti ya kurasa arobaini na ushee. Mradi uliokuwa ukisaidia kituo chetu cha kulelea watoto mchana, huku Tanga, njia ya Pangani kabla hujafika Tongoni, ulikuwa umetimiza mwaka mmoja. Mimi, katibu wa kamati ya wazazi, nilitakiwa kuwasomea wenzangu na kurudisha maoni ndani ya wiki mbili. Nimesoma hadi kidato cha nne na kuandika muhtasari wa kikao kwangu si kazi. Lakini majedwali yenye safu tisa, vifupisho kila kona na michoro ya rangi, hayo yalinipa homa.

Nikapanda bodaboda hadi Ngamiani kwa ndugu mmoja msomi ninayemheshimu. Ushauri wake nausema wazi kwa sababu naamini umewapoteza wengi: "Dada, ripoti husomwa muhtasari na rangi tu. Kijani salama, njano tahadhari, nyekundu hatari. Majedwali ya nyuma waachie wataalamu." Leo hii nikiukumbuka bado unanikera. Rangi hizo zina maana yake kwenye utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya milimita 115 ni nyekundu, 125 kwenda juu ni kijani, na hapo katikati ni njano. Kila nesi anazisoma sawa. Kwenye mchoro wa ripoti, rangi huchaguliwa na aliyeuchora. Nyekundu ya ukurasa wa 12 ilikuwa ya kupambia tu.

Nilimsikiliza hata hivyo, na nikaenda kikaoni na muhtasari. Ulisema watoto wanaoendana na umri wao, yaani wanaoweza yale ya wenzao wa umri huo, wamepanda kutoka asilimia 40 hadi asilimia 65. Nikasimama mbele ya wazazi kama arobaini hivi, nikasema kwa furaha: "Watoto ishirini na tano wameongezeka!" Vigelegele vikapigwa. Ndipo bibi mmoja, analea mjukuu wake kwa sababu binti yake yuko kwenye kilimo cha mwani baharini, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hao ishirini na tano ni akina nani? Wa kwangu yumo?"

Nikafungua ripoti. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Bibi, niwie radhi, nitakuletea." Akasema, "Haya, nakungoja," na hakusema kwa kebehi, alikuwa anataka kujua kweli. Kurudi nyumbani siku ile njia niliiona ndefu.

Usiku nikayaendea majedwali ya nyuma, yale ya wataalamu. Darasani tulifundishwa kwamba kwenye sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Basi ukiambiwa 65 kwa mia, kwanza ulizia ile asili halisi iliyogeuzwa kuwa mia. Jedwali la nne lilikuwa nayo, kwa maandishi madogo: mwanzoni walipimwa watoto 60, wanaoendana na umri 24. Mwishoni walipimwa watoto 40, wanaoendana na umri 26. Nikasoma mara tatu. Mimi niliyetangaza ishirini na tano, kumbe walioongezeka ni wawili.

Nilitaka kuwaona watoto wenyewe. Nikamwomba muuza soda wa kituoni anihifadhie vizibo, wanangu wakaviosha, nikanunua kalamu ya wino mzito, sijui elfu moja na mia tano. Mlezi wa kituo akaketi nami na daftari lake, akawa ananitajia namba tu, majina hapana, maana hali ya mtoto wa mtu haianikwi uwanjani. Vizibo 60, kila kimoja na namba yake pande zote mbili. Mtoto anayeendana na umri kizibo chake kinatazama juu, aliye nyuma kinalala kifudifudi. Nikatandika mkeka ukumbini, nikalaza kanga iliyokunjwa katikati kama mpaka. Upande wa kushoto ni mwanzo wa mwaka: vizibo 24 juu, 36 chini. Nikapiga picha kwa simu.

Halafu tukaanza kuwavusha. Mlezi anataja namba iliyopimwa mara ya pili, mimi nakivusha kizibo kama kilivyo, bila kukigeuza. Vikavuka 40. Nikahesabu vinavyotazama juu: 20. Sikuamini, nikahesabu tena. Ishirini kwa arobaini ni nusu kamili! Kabla sijageuza hata kizibo kimoja, kabla mtoto yeyote hajajifunza neno jipya, asilimia ilikwisha panda kutoka 40 hadi 50, kwa sababu tu kuna watoto hawakuwepo.

Nikatazama kushoto. Vizibo 20 vimebaki, na kati yake 16 vimelala kifudifudi. Waliokosekana walikuwa wengi wao wale hasa ambao mradi uliletwa kwa ajili yao. Ripoti iliwapa neno moja: "hawakupatikana".

Nikasema sawa, hawakupatikana, lakini mimi nawajua wanakokaa. Nilizunguka siku tatu. Wanne walikuwa wamehamia darasa la awali la shule ya msingi, na hao ndio wanne waliokuwa wakitazama juu. Watano walihama na wazazi wao. Waliobaki 11 walikuwepo kijijini, nyumba zilezile, na mama wa kila mmoja wao ni mkulima wa mwani. Mama mmoja ndiye aliyenifungua: "Shoga, kwani walikuja kupima lini?" Nikamtajia tarehe. Akahesabu kwa vidole, akacheka. "Bamvua hiyo! Saa nne asubuhi maji yametoka yote, nani atakuwa kituoni?"

Kila mtu wa pwani analijua hili. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hutoka mbali, ndiyo bamvua, na kwetu hutoka asubuhi. Ndizo siku za kufunga na kuvuna mwani, na mama asiye na wa kumpeleka mtoto kituoni humbeba au humwacha kwa jirani. Wapimaji walikuja siku mbili mfululizo katikati ya bamvua, wakapima waliowakuta, wakaondoka. Hakukuwa na nia mbaya. Lakini kalenda ya ukutani haina maji, na kosa hilo liliwafuta watoto kumi na mmoja.

Nilipopata moyo nikaendelea na kurasa nyingine. Kwenye lishe nilikuta "chini ya -2", na mwanzo nilidhani mtoto amepungua kilo mbili. Nesi wa zahanati akanieleza vizuri. Mtoto hulinganishwa kwa urefu na watoto wenye afya wa umri wake na jinsia yake, na ile namba inasema yuko hatua ngapi mbali na wa katikati. Akiwa zaidi ya hatua mbili chini anahesabiwa amedumaa, zaidi ya tatu amedumaa sana. Nilipowasimulia wenzangu, mmoja akasema hivyo ni vipimo vya watoto wa Kizungu. Hapana. Viwango hivyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kusikia Oman, nusu ya kikao wakaanza kutaja jamaa zao wa Muscat, na ubishi ukaisha.

Lakini kipimo hicho kinategemea umri, na umri ndipo palipokuwa na shimo jingine. Baadhi ya watoto waliandikiwa umri kwa maneno ya mlezi, "alizaliwa Ramadhani". Ramadhani ya mwaka gani? Tena Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu, mwezi wake haukai mahali pamoja. Mtoto mmoja alipewa mwaka mzima usio wake, akaonekana amedumaa, kumbe ni mdogo tu. Tuliomba kadi za kliniki, na zilipokosekana tuliulizana: wakati wa upepo wa kusi au wa kaskazi, kabla au baada ya Maulidi, kabla au baada ya mtoto wa jirani fulani. Inachosha, lakini inafika.

Kuna jedwali la wastani wa alama ambalo mwenyekiti wetu alilipenda sana kwa kuwa liliruka juu. Nilimwambia, mwenyekiti, mtoto wa miaka mitatu akitimiza minne ataruka kwa mguu mmoja hata mradi usije. Alama tupu hupanda kwa kuota meno tu. Cha kutazama ni kama pengo kati yake na wenziwe wa umri huo limepungua. Na ile safu ya "wazazi waliofikiwa" msiishangilie: mama aliyehudhuria vikao vinne ameandikwa mara nne. Nilijikuta mwenyewe mle ndani, mara sita.

Mwenzangu mwingine alitaka tujilinganishe na taifa. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta asilimia 47 ya watoto wa miezi 24 hadi 59 wanaendana na umri wao, na udumavu wa walio chini ya miaka mitano umeshuka hadi asilimia 30 kutoka 34 ya mwaka 2015/16. Ni namba za kuzijua. Ila ile 47 ilitokana na maswali aliyoulizwa mama nyumbani, na ya kwetu mlezi alimpa mtoto vipande apange, rangi ataje, jana asimulie. Vipimo viwili tofauti huwezi kuviweka kwenye mzani mmoja ukasema sisi tumewapita.

Binti wa mradi alipokuja kuchukua maoni, nilimkaribisha ukumbini mkeka ukiwa bado umetandikwa. Alipiga magoti, akavitazama vizibo muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaniambia jambo lililonifaa kuliko ripoti nzima. Marekani, kwenye huduma za watoto chini ya miaka mitatu wenye ulemavu au waliochelewa kukua, zinazoendeshwa chini ya sheria iitwayo IDEA, kila jimbo hupeleka ripoti kila mwaka, na watoto wanaotoka kwenye huduma hugawanywa mafungu matano: ambao hawakusogea, waliosogea lakini pengo halikupungua, waliopunguza pengo bila kufikia, waliofikia wenziwe, na waliokuwa sawa tangu mwanzo wakabaki sawa.

Tukavipanga palepale vile vizibo 40 vilivyovuka. Wasiosogea 3. Waliosogea na pengo likabaki 4. Waliopunguza pengo 7. Waliofikia 8. Waliobaki sawa 18. Na hapo ndipo machozi yalinilenga, kwa sababu ripoti ilikuwa imewadhulumu hata wenye mradi wenyewe. Ukiwaweka kando wale 18, wanabaki watoto 22, na 15 kati yao njia yao imebadilika. Saba ambao walezi wamehangaika nao mwaka mzima, wamesogea kweli, kwenye ile asilimia 65 hawaonekani kabisa, kwa kuwa hawajavuka mstari. Na wawili waliokuwa wakitazama juu wakaanguka, nao walifichwa na wengine waliopanda. Mmoja wao alikuwa na masikio yanayotoa usaha, hasikii vizuri. Alipelekwa hospitali wiki hiyohiyo.

Nikaandika maoni kurasa mbili kwa mkono. Niliomba mambo matatu: asili iandikwe kando ya kila asilimia, watoto waliokosekana waelezwe ni akina nani na kwa nini, na wale 11 wapimwe. Mwenyekiti alihofia tutaonekana wakorofi na msaada utaondoka. Nilimwambia kama utaondoka kwa swali hilo, basi ulikuja kwa ajili ya nani? Akatia sahihi.

Walirudi. Safari hii tarehe tuliwapa sisi, siku ya maji mafu, bahari isipotoka mbali, na akina mama wa mwani wakawaleta wote 11 kabla ya saa tatu asubuhi. Watatu wamefikia wenziwe, wanne wamepunguza pengo, wanne bado. Ukiwajumlisha na wale 40 wanakuwa 51: walioendana na umri mwanzoni walikuwa 20, sasa ni 29. Kutoka asilimia 39 hadi 57. Ni ndogo kuliko 65 iliyopigiwa vigelegele, lakini hii nikiulizwa ni akina nani, naweza kukupeleka nyumba kwa nyumba.

Bibi nilimfuata kwake jioni. Nilimkuta anakuna nazi, mjukuu pembeni anapanga magamba ya konokono kwa ukubwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea?"

Nikampa mkononi kizibo namba 17, nikamwambia kwa sauti ya chini, wa kwako hakuwemo siku ile niliposoma. Sasa yumo. Hajawafikia wenziwe, lakini amesogea. Akakigeuzageuza, akamtazama mtoto, akakifunga kwenye pindo la kanga.