Nusu ya Ndege, Nusu ya Barabara

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa akinisaidia kuosha Datsun, na alipofika kwenye kile kifuniko kidogo cha tangi kilichoko nyuma, ubavu wa kulia, alikifungua akakuta karatasi iliyobandikwa kwa utepe ambao sasa umegeuka rangi ya chai. Akasoma kwa sauti: "Nusu ya ndege, nusu ya barabara." Kisha akaniuliza kama gari hili liliwahi kuruka. Nilicheka, nikamwambia kwamba hayo ni maandishi ya Babu, halafu nikaendelea kusugua rimu ambayo tayari ilikuwa safi.

Maandishi hayo ni ya Mjomba, ambaye kwa binti yangu ni Babu, na enzi zake yalikuwa sheria. Injini ya 240Z, ndiyo aina ya Datsun yetu, ilipotoka kiwandani Japani ilikuwa na silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na mgandamizo wa 9 kwa 1, yaani kilichomo ndani ya silinda hubanwa hadi sehemu moja ya tisa kabla ya cheche, na ikiwa katika hali hiyo ingeridhika na supa nzuri, petroli ya kawaida ya kituoni. Hii yetu haikuwa tena hivyo. Fundi mmoja aliyewahi kuandaa magari ya mbio alikuwa ameikwangua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na kutia pistoni nyingine, mgandamizo ukapanda hadi 11 kwa 1, kwa sababu Mjomba, kama vijana wengi wa Nairobi wa rika lake, hakuwahi kupona tangu Edgar Herrmann aliposhinda Safari Rally ya 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta akafuata kwa gari la aina hiyo hiyo mwaka 1973. Mehta alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa pia ndani ya Datsun, na maelezo ya Mjomba kuhusu jinsi wawili hao walivyotenganishwa yaliweza kukuchosha kuliko mashindano yenyewe.

Tatizo lilianza mwaka 2006, petroli yenye risasi ilipokomeshwa nchini kama ilivyokomeshwa katika nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Mjomba aliomboleza. Risasi ile ilikuwa ikifanya kazi mbili ndani ya petroli: iliongeza okteni, yaani uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo bila kujiwasha yenyewe kabla ya wakati wake, na pia iliacha utando mwembamba kwenye viti vya vali, utando uliozuia chuma kisisagane na chuma. Kazi hiyo ya pili ilikuwa muhimu kwa magari ya zamani yenye silinda hedi ya chuma cha kusubu, ambayo viti vyake vya vali vilichongwa humo humo ndani ya chuma laini. Hedi ya 240Z ni ya alumini, na viti vyake ni pete za madini mengine zilizopachikwa, kwa hiyo hofu hiyo haikutuhusu sana. Iliyotuhusu ni okteni. Mjomba hakutenganisha mambo haya mawili. Kwake "risasi" lilikuwa jina la kila kitu kilichopotea, na hakupenda kukumbushwa kwamba risasi hiyo hiyo ilikuwa ikiharibu akili za watoto waliovuta moshi wake kando ya barabara.

Suluhisho alilipata Uwanja wa Ndege wa Wilson, kwa rubani mmoja aliyefahamiana naye. Watu wakisikia habari za mafuta ya ndege hufikiria ndege kubwa za jeti, lakini hizo huchoma mafuta yaliyo ndugu wa mafuta taa, na ukiyatia kwenye injini ya petroli umeiua. Tulichokihitaji ni petroli ya ndege ndogo za propela, ile inayoitwa 100LL, ambayo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine na ambayo bado ina risasi, ingawa herufi hizo mbili, kifupi cha "low lead", zinadai kwamba ni kidogo. Bei yake ilikuwa ya kuumiza. Ndiyo maana Mjomba aliichanganya nusu kwa nusu na supa ya kituoni, akaandika sheria, akaibandika.

Mwezi wa Februari 2007 tulikuwa tunakwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikuwa na umri wa miaka 19, nimepewa cheo cha msoma ramani, ingawa barabara ni moja tu na haina pa kupotelea. Nyuma ya viti vyetu kulikuwa na jerikeni mbili za lita 20 zilizojaa ile petroli ya buluu. Sijui kama nimewahi kueleza kwamba 240Z haina buti lililotengwa. Mzigo hukaa chumba kimoja na abiria, na kila gari liliporuka kwenye kishimo harufu ile tamu, kali, yenye utamu wa kitu usichopaswa kukipenda, ilitujia shingoni. Tulipopita Sultan Hamud kichwa kilikuwa kinanigonga. Makindu tulisimama kwenye hekalu la Masingasinga, tukakaribishwa chakula na chai bila kuulizwa sisi ni nani, na hapo nikapata nafuu kidogo.

Mtito Andei Mjomba alikwenda msikitini kuswali adhuhuri. Akanipa pesa na maagizo: supa kutoka kituo kile alichokizoea, kisha kiasi kile kile kutoka kwenye jerikeni, kisha nifunge vizuri. Kituo alichokizoea kilikuwa na foleni ya mabasi. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na kingine, kisicho na gari hata moja, na bei yake ilikuwa pungufu kwa shilingi moja na nusu kwa lita. Hiyo ilikuwa kabla ya serikali kuanza kuweka kikomo cha bei mwishoni mwa 2010, wakati kila kituo kilijipangia. Nilitia lita 35 pale, tangi likajaa karibu lote, na jerikeni sikuzigusa.

Nilikuwa na hoja, na hoja yenyewe ndiyo inayoniaibisha zaidi kuliko shilingi nilizotia mfukoni. Nilijiambia kwamba kutoka hapo hadi Mombasa ni mteremko, na mteremko hauhitaji petroli kali. Ukweli ni kinyume kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kiasi kwamba kila silinda huvuta pungufu ya takriban sehemu moja kati ya tano ya ile ambayo ingevuta ufukweni. Mgandamizo wa 11 kwa 1 ukiwa Nairobi huwa mpole, tena fundi hurudisha nguvu iliyopotea kwa kusogeza taimingi mbele ili cheche ije mapema zaidi. Ukiichukua injini iliyopangwa hivyo ukaishusha hadi usawa wa bahari, pamoja na joto la nyika ya Taru, silinda zinajaa, shinikizo linapanda, na petroli iliyokuwa inatosha juu haitoshi tena chini. Kadiri tulivyoteremka ndivyo tulivyohitaji zaidi kile nilichokiacha ndani ya jerikeni.

Tulipita Voi salama. Baada ya Maungu kulikuwa na lori refu linalojikongoja, limebeba kontena, na barabara mbele ilikuwa nyeupe, haina kitu. Mjomba akarudi gia ya tatu, akakanyaga.

Nimejaribu mara nyingi kuueleza mlio ule. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayetikisa kopo la bati lenye punje chache za mahindi makavu, mbali, chini ya sakafu, na ulikuja pamoja na nguvu ya gari, si baada yake, hivi kwamba kwa sekunde moja nilidhani ni sehemu ya raha yenyewe. Mimi niliusikia kwa masikio. Mjomba aliusikia kwa mguu. Niliona kiatu chake kikinyanyuka kabla uso wake haujabadilika, gari likapoteza pumzi tukiwa ubavuni mwa lori, tairi zake zikiwa sawa na dirisha langu, dereva wake akitutazama kutoka juu kwa mshangao wa mtu anayeona mwizi akirudisha mali. Tukarudi nyuma ya lori. Mjomba hakusema neno. Alikanyaga tena, polepole mno, kama anayegusa jino linalouma kwa ulimi, na punje za mahindi zikaitikia. Akaacha. Tukaendelea kwa kasi ya baiskeli hadi tulipoona mbuyu wenye kivuli, akaegesha, akazima. Hata baada ya kuzimwa injini ilizunguka mara mbili tatu kwa ukaidi wake, kisha ikanyamaza.

Alikaa kidogo, mikono juu ya usukani.

"Umetia nini, mwanangu?"

"Supa, Mjomba."

Ilikuwa kweli, kwa namna ambayo kweli hutumiwa na waongo. Kama petroli ile ilikuwa supa tupu sina hakika hata leo. Miaka hiyo uchanganyaji wa mafuta taa ndani ya petroli ulikuwa biashara inayojulikana, na haukupata pigo kubwa hadi 2018 kodi ya mafuta taa ilipopandishwa ili faida hiyo ife. Mafuta taa hushusha okteni vibaya sana. Lakini hata ingekuwa supa safi kama machozi, isingeitosha injini ile mahali pale.

Alifungua boneti, akangoja injini ipoe, akachomoa plagi ya silinda ya 5 na kuielekeza juani. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na vitone vidogo vyeusi kama pilipili manga, na kati yake vingine viwili au vitatu vilivyong'aa. "Unaona hii fedha?" akaniuliza. Ilikuwa alumini. Ilikuwa pistoni yetu, chembe zake zilizomeguka na kurushwa huko na petroli iliyojiwasha bila kungoja mwali wa cheche. Akairudisha plagi, akachukua spana namba 10, akalegeza distribyuta na kuizungusha kidogo sana ili cheche ichelewe, akaikaza tena.

Kisha akaenda nyuma kuchukua jerikeni.

Aliishika ya kwanza, akainyanyua, na mkono wake ukashtuka, kwa kuwa ulikuwa umejiandaa kwa uzito wa jerikeni tupu. Akaiweka chini. Akainyanyua ya pili. Hakunitazama. Alisimama akiwa ameinama ndani ya gari muda ambao ulitosha kwa matrela mawili kupita, mgongo wake kwangu, shati limeloa. Nilisubiri aseme. Kisha akanyoosha mgongo, akaniomba nimshikie faneli, akamimina kiasi ambacho tangi liliweza kupokea, lita chache tu, na alipomaliza akafuta shingo ya tangi kwa leso yake mwenyewe.

"Hewa ya pwani ni nzito," alisema. "Huwa nasahau."

Hakusahau kitu yule. Alikwenda Mombasa kwa gari lile pengine mara ishirini.

Tuliingia mjini usiku kwa mwendo wa polepole, harusi ilifana, tukarudi tukiwa na mchanganyiko sahihi. Mwaka uliofuata injini ilipofunguliwa kwa sababu ya moshi, pistoni ya 5 ilikutwa imevunjika kingo kati ya ringi na ringi. Fundi aliigeuza-geuza mkononi akasema huenda ni jambo la siku moja, huenda ni la miaka. Mjomba alikuwepo, nami nilikuwepo. Aliomba apewe ile pistoni, akaifanya kibweta cha kalamu mezani pake, na hapo ilikaa hadi alipofariki. Sijui kama aliiweka kwa ajili yangu au kwa sababu alipenda vitu vya gari mezani.

Gari lilipokuwa langu nilitia gasketi nene na pistoni za kawaida, mgandamizo ukarudi karibu na 9 kwa 1, taimingi nikairudisha nyuma. Sasa linakunywa supa ya kituo ninachokiamini, na limepoteza nguvu ambazo wanaolijua huzitaja kwa upole. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Gigiri, lilipotangaza mwaka 2021 kwamba Algeria, nchi ya mwisho, imeacha kuuza petroli ya risasi kwa magari, nilifurahi kama mzazi. Hata hivyo, nikipita Barabara ya Lang'ata jioni na upepo ukatoka upande wa Wilson, hufungua dirisha.

Binti yangu alimaliza kufuta kifuniko. Akauliza kwa nini sijaibandua karatasi kama siku hizi hatutii ya ndege. Nilimwambia kwamba gundi yake imekamatana na rangi, tukiivuta itatoka na rangi yote. Huenda ni kweli. Sijawahi kujaribu.