Sanduku la Hombolo

Kila moduli yetu, kipande cha programu kinachopachikwa kwenye kerneli (kiini cha Linux), ilipoligandisha sanduku la Hombolo, ilibidi mtu apande gari hadi shambani, achomoe waya wa umeme na kuuchomeka tena. Ndiyo maana siku ile ya Agosti, upepo wa Dodoma ukipiga mabati ya ofisi yetu ya Nkuhungu na vumbi likiingia hadi kwenye kibodi, tuliapa hatutoki mpaka tujue kinachoiua kerneli.

Sanduku lilikuwa kompyuta ndogo ya Linux iliyosoma vihisio vya unyevu wa udongo kwenye zabibu. Moduli aliiandika dogo mmoja tuliyefanya naye kazi, na aliiandika vizuri tu. Orodha ya vihisio ilisomwa kwa RCU, utaratibu wa kerneli ambamo wasomaji, yaani sehemu za programu zinazoisoma orodha, hupita bila kufuli. Kihisio kikiondolewa, moduli huita call_rcu na kuiachia kerneli anwani ya fanksheni ya kufuta, iitwe baadaye wasomaji wa zamani wakishatoka. Mezani, kwa vihisio viwili vitatu, rmmod, amri ya kuitoa moduli, ilipita kila mara. Shambani vilikuwa vingi. Leo inapita, kesho inaua.

Dada aliyekuwa akitusimamia alivuta kiti, akatazama ile oops, ripoti ya hitilafu ya kerneli, kwenye skrini. Anwani iliyoitwa haikuwa na jina la fanksheni yoyote, na mwisho wa orodha ya moduli kerneli ilitaja iliyotolewa mwisho: yetu.

"Fanksheni imeitwa, mwenyewe keshahama," alisema.

"Lakini dada, nimesubiri. Si hii hapa synchronize_rcu?" dogo akajibu.

"Umesubiri wasomaji, mdogo wangu. Wafutaji nani kawasubiri?"

Ni sawa na kumwagiza fundi aje kesho kuezua paa, kisha usiku ukaibomoa nyumba nzima. Kipindi cha kusubiri wasomaji kinaweza kuisha huku foleni ya kufuta bado ndefu, maana kwa mpangilio wa kawaida kerneli hutekeleza maombi 10 kwa mkupuo, na kila prosesa ina foleni yake. Na rmmod haikuona tatizo: lsmod, amri ya kuorodhesha moduli, ilionesha watumiaji 0, kwa kuwa call_rcu haiongezi hesabu hiyo.

Dawa ni rcu_barrier. Hiyo huweka ombi lake nyuma ya foleni ya kila prosesa na hairudi mpaka maombi hayo yote yatekelezwe, kwa hiyo yaliyotangulia nayo yamekwisha. Dogo akaiweka mwanzo kabisa wa fanksheni inayoendeshwa moduli ikitolewa, akajaribu, mashine ikaganda vilevile. Mimi nilishaanza kuilaumu kerneli.

Dada hakugusa kibodi. "Taima yako inazimwa mstari wa ngapi?"

Ilikuwa chini. Rcu_barrier husubiri yaliyokwishaombwa tu, na taima yetu, iliyokagua vihisio vilivyokufa, iliendelea kuita call_rcu baada yake. Dogo akapanga upya: kwanza kuzima taima kwa namna inayosubiri imalize, kisha kuondoa vihisio vyote, halafu rcu_barrier, mwisho kabisa moduli itoke. Tukaiacha ikipakiwa na kutolewa mfululizo usiku kucha. Asubuhi ilikuwa bado inaenda.

Kwa jinsi alivyonogewa, dogo akataka kuiweka rcu_barrier hata kwenye moduli yetu nyingine, iliyotumia kfree_rcu peke yake, yaani kuiachia kerneli ifute kumbukumbu iliyoombwa kwa kmalloc. Dada akamzuia: pale anayefuta ni kerneli yenyewe, na msimbo wake hauendi popote.