Sauti ya mama kwenye viola

Tangu tuanue matanga ya mama nimekuwa namwandikia muziki wa okestra, usiku usiku watu wakishalala, na leo nataka niandike nilipofikia maana kuna kitu kimenibadilisha kabisa.

Mimi nimekulia kwaya. Muziki wote nimeujua kwa solfa, sauti nne, nikitunga naandika d r m kwenye karatasi, jioni tunafundishana, basi. Kwa hiyo ningemtungia mama wimbo wa kwaya na watu walitegemea hivyo, lakini wimbo wa kwaya unataka maneno na kila neno nililoandika lilikuwa lile lile la msibani, mwendo umeumaliza, pumzika mama, na mi sikutaka kumwambia apumzike, nilitaka nimsikie tena. Ndo nikaamua nitoe maneno kabisa.

Sasa nilivyoanza nikaweka tarumbeta, timpani (zile ngoma kubwa za okestra), fidla zote juu, mwisho mkubwa wa shangwe, dakika sita nzima. Nikiusikiliza kwenye kompyuta naona ni muziki wa sherehe ya mtu yeyote tu. Mama yangu hayumo.

Rafiki yangu akaniambia msikilize Josef Suk, Mcheki, ana simfoni, yaani muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, inaitwa Asrael. Asrael ni huyu huyu Izraili tunayemjua sisi, malaika mtoa roho, yaani kwa jina tu nikakaa chini. Huyu Suk alifundishwa na Antonín Dvořák pale Prague, halafu akamuoa binti yake, Otilie, mwaka 1898. Mei 1904 Dvořák akafariki, Suk akaanza kumwandikia baba mkwe wake simfoni na mpango ulikuwa imalizikie kwenye kumshangilia mzee na maisha yake. Yuko sehemu ya nne hivi, Julai 1905, Otilie naye akafariki. Mwaka mmoja na miezi miwili tu. Ile sehemu ya nne akaitupa, akaandika nyingine ya taratibu ya mke wake, ndani yake kuna fidla inaimba peke yake, na ukikumbuka kwamba Suk mwenyewe alikuwa mpiga fidla unaelewa ni nani anaongea pale. Akamaliza 1906, ikapigwa mara ya kwanza Prague Februari 1907. Ni ndefu, kama saa nzima, timpani zinagonga zinarudi zinagonga, halafu mwisho inatoka C maina, ile yenye huzuni, inaingia C meja, ile yenye mwanga, kwa sauti ya chini sana, hakuna shangwe yoyote.

Lakini iliyonikamata ni sehemu ya pili. Kuna noti moja, D fleti, inashikiliwa karibu muda wote, vyombo vingine vinapita chini yake na yenyewe iko palepale. Nilisikiliza mara tatu mfululizo nikaanza kulia maana hiyo ndo ilikuwa sauti ya mama akichagua mchele. Alikuwa anakaa na ungo, mdomo umefungwa, mmmm, noti moja tu, sidhani hata alijua kama anaimba.

Kwenye simu nina klipu moja ambayo anasikika kidogo kwa nyuma. Nikaitafuta ile noti kwenye kinanda, ni G iliyoshuka kidogo. Nikawapa viola, zile ndugu za fidla zilizo kubwa kidogo na zenye sauti nzito zaidi. Viola wana waya wa G mtupu, yaani unaulia bila kuubana kwa kidole, lakini ukiupiga mtupu unalia wazi mno, kwa hiyo nimewaandikia waipate kwenye waya wa C, kidole cha nne, na wabane kile kidude cha kufifisha sauti kwenye daraja, kale kabao kanakoshikilia waya juu, hapo ndo inakuwa kama mtu aliyefunga mdomo.

Halafu pumzi. Kwenye kwaya noti ndefu tunapokezana pumzi isikatike, na wapiga viola pia hugeuza upinde kwa zamu noti iendelee bila mtu kusikia. Hapa nimekataa, mama alikuwa anavuta pumzi, alikuwa hai yule. Nimeandika wote wainue upinde pamoja, kimya cha pigo moja, warudi palepale kwenye G.

Zile tarumbeta nimezifuta zote, timpani nimebakiza mara mbili tu.

Juzi nikamtumia dada kwa WhatsApp. Akapiga simu, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema umesahau kitu, kabla hajarudi kwenye ile mmmm alikuwa anapuliza makapi. Kweli kabisa, fuu, halafu ndo anarudi! Sasa nashughulika na hicho kimya cha pigo moja, nadhani nitawapa watu wa fluti, wapulize hewa tupu bila noti.