Kabla ya kumpeleka Mama Tukuyu

Jumapili, usiku.

Mikono bado inanuka grisi ingawa nimeinawa mara mbili kwa sabuni ya unga. Jumatano alfajiri nampeleka Mama nyumbani Tukuyu, karibu kilomita 900 kutoka hapa Dar. Safari hii hapandi basi. Atakaa mbele, kwenye Forester yangu.

Gari hili nimelijenga kidogo kidogo kwa miaka minne. Nililishusha sentimita nne, nikalifunga rimu za inchi 18 zenye matairi membamba, ekzosi kubwa, na turbo ikaongezwa presha. Nalipenda sana. Lakini wiki mbili zilizopita niliwapakia jamaa zangu watatu, nikasikia mkwaruzo nyuma kila tulipopita tuta. Nilipofungua tairi nikakuta plastiki ya ndani ya fenda imelika mpaka inang'aa, upana wa vidole viwili. Nikakaa pale chini kando ya jeki, nikiwaza matuta yote ya vijijini kuanzia Chalinze hadi Uyole, na Mama akiwa ndani na mgongo wake ule.

Kesho yake nikatoa stoo springi za kiwandani, fundi akazirudisha. Rimu za inchi 16 nazo zimerudi, na matairi ya 215/60. Ubavu wa tairi hilo una milimita 129, wakati yale ya 225/40 yalikuwa na 90 tu, na shimo ukiliingia ghafla linaishia kwenye rimu. Tairi la spea nililiona jipya kabisa, meno yote yapo, mpaka niliposoma ubavuni: 1114. Wiki ya 11, mwaka 2014. Ukilibonyeza, nyufa zinafunguka. Nimenunua jingine.

Kilichonishtua zaidi ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni za injini ziende kwa zamu. Chini ya boneti kuna kibandiko cha Kijapani kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, nilichokuwa nakipita tu: 24, halafu 6, halafu kilomita 98,000. Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za wafalme wao, na Heisei 24 ni mwaka 2012. Kwa kilomita, mkanda ule ulikuwa haujamaliza 100,000 zake. Kwa umri, ulikuwa umechoka. Fundi alipoutoa akaukunja mbele yangu, mgongo wa mkanda ukaonyesha mistari kama ya kiganja. Injini hii mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo ndipo unapolala porini. Tumebadilisha mkanda, roli zake na pampu ya maji kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Presha ya turbo nimeirudisha ya kiwandani. Mlima Kitonga, ule wa Iringa, utaupanda nyuma ya malori, mwendo wa kutambaa, upepo hauingii kwenye rejeta, na joto lote linabaki humo humo. Rejeta imesafishwa, themostati ni mpya. Mafuta ya breki yalitoka meusi kama chai ya rangi. Hayo hunyonya unyevu, na kwenye mteremko mrefu yakipata moto yanachemka, pedali inazama bila kushika. Wakati wa kurudi Kitonga ileile nitaishuka kwa gia ndogo.

Leo tumelijaribu hadi Chalinze na kurudi, mimi na Mama. Tulipofika Mlandizi akaniuliza, "Mbona leo halingurumi?" Nikamwambia nimerudisha ekzosi ya zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia kuhusu shamba la ndizi la babu, na hakuacha mpaka tuliporudi nyumbani. Miaka yote hii nimempakia, sikuwahi kumsikia akiongea hivyo ndani ya gari.

Injini ilipopoa nikafungua boneti na tochi. Maji kwenye kichupa cha akiba yalikuwa palepale nilipochora kwa kalamu asubuhi.

Mama akatoka na kiroba cha nazi kumi. "Hizi zinakaa wapi, mwanangu?" Nimeziweka chini, nyuma ya kiti chake, ili jeki na pembetatu zibaki mahali pa kufikika.