Nilivyompata bibi aliyekosekana kwenye sensa ya 1870

Mama mkwe wangu ni Mmarekani Mweusi, ukoo wake umetoka Georgia. Alikuwa akimtafuta bibi wa bibi yake. Sensa ya Marekani ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wengi wa waliotoka utumwani, basi tukaitegemea. Mume tulimwona, watoto pia. Yeye hayupo.

Miezi kadhaa tulidhani karani alikosea jina. Kumbe sensa ilihesabu waliokuwa hai tarehe 1 Juni tu. Waliofariki ndani ya miezi 12 kabla ya siku hiyo waliandikwa kwenye orodha yao ya vifo. Ipo pia ya 1850, 1860 na 1880.

Kilichonifungulia njia ni safu ya kwanza ya orodha ya 1870: inabeba namba ya familia ileile ya sensa kuu. Nilichukua namba ya wale watoto, nikashuka nayo mstari kwa mstari katika vifo vya eneo lilelile. (Usibadili eneo, namba zinajirudia.) Vifo vingi havikuandikwa kabisa, kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi.

Akatokea: miaka 31, mwezi Machi, kichomi. Mama aliniomba nimsomee mara mbili.